Muungano wa Jamii na Polisi Kuzuia Pombe kwa Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya mwanzo

Muungano wa jamii ni kitu gani hasa?

Ni watu wa sehemu moja, wenye kazi tofauti, waliokubaliana kulikabili tatizo moja pamoja na kwa muda mrefu. Humo wamo wazazi, walimu, wauguzi, viongozi wa dini, wafanyabiashara, vijana wenyewe, maofisa wa serikali za mitaa na polisi. Nchini Marekani jambo hili limeingia hadi kwenye masharti ya fedha: mpango wa serikali kuu uitwao Drug-Free Communities, uliotokana na sheria ya mwaka 1997, hutoa ruzuku ya hadi dola 125,000 kwa mwaka kwa muungano wenye wawakilishi wa sekta 12. Polisi ni mojawapo ya sekta hizo, na bila wao maombi hayapiti.

Usiuchanganye na kamati ya vikao. Kwenye muungano kila mjumbe anaondoka na kazi ya kwenda kufanya kwao: mwalimu shuleni, muuguzi zahanati, ofisa kituoni. Kikao kijacho kinaanza kwa kuulizana kazi hizo zimefika wapi.

Kulea mtoto ni kazi ya mzazi. Polisi wanaingiaje hapa?

Wanaingia kwa sababu mtoto hapati pombe bila mkono wa mtu mzima. Kuna mtu mzima aliyemuuzia, aliyemnunulia, aliyemwachia nyumba au aliyeacha chupa mahali pa wazi. Unaweza kumlea mwanao vizuri sana, lakini huna mamlaka juu ya kaunta ya duka wala nyumba ya jirani. Polisi na mamlaka ya leseni wanayo.

Nao polisi wakiachwa peke yao hawafiki mbali. Watamkamata kijana Ijumaa hii, na Ijumaa ijayo chupa zinauzwa palepale kwa kijana mwingine. Anayejua ni duka gani, saa ngapi na muuzaji wa zamu ipi ni mzazi, mwalimu au kijana wa mtaani. Taarifa ziko kwa jamii, mamlaka yako kwa polisi, na ushirikiano huu ni kuzikutanisha.

“Chini ya umri” ni miaka mingapi?

Inategemea sheria ya nchi yako, na ni lazima muijue neno kwa neno kabla ya kumwendea ofisa yeyote. Kenya ni 18, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Marekani ni 21: sheria ya mwaka 1984 iliyakata majimbo yaliyogoma fungu la fedha za barabara kuu, na kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Iceland na Japani ni 20. Ujerumani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia na mvinyo, lakini pombe kali hadi afikishe 18.

Soma pia vipengele vya pembeni. Je, kosa ni kuuza tu, au hata kumpa mtoto bure? Je, sheria inagusa nyumba binafsi? Kunywa kwenyewe ni kosa, au ni kununua tu? Miungano mingi imepoteza mwezi mzima ikidai polisi watekeleze kifungu ambacho hakimo kwenye sheria yao.

Ushirikiano huu umewahi kuzaa matunda mahali popote?

Ndiyo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifanya jaribio katika jamii 15 za Minnesota na Wisconsin: 7 zilisaidiwa kuandaa wananchi ili wabadilishe sera za mahali pao na namna sheria zinavyotekelezwa, na 8 ziliachwa kama zilivyo kwa kulinganisha. Mabadiliko yaliyoonekana zaidi yalikuwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 20. Walipungua kuwapatia wadogo zao pombe, na kukamatwa kwao kwa kuendesha gari wakiwa wamelewa kukashuka. Angalia palipolengwa: njia ambayo pombe inapitia kumfikia mtoto.

Mfano mwingine ni Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 hivi ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa angalau mara moja ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5 hivi. Walifanya mengi kwa pamoja, yakiwemo michezo ya jioni inayolipiwa na manispaa na uchunguzi wa kila mwaka mashuleni. Lakini walikuwa pia na sheria ya muda wa kuwa nje: majira ya baridi mtoto wa miaka 12 na chini anapaswa kuwa nyumbani saa 2 usiku, na wa 13 hadi 16 saa 4 usiku. Wazazi wenyewe walitembea mitaani kwa zamu usiku wa mwishoni mwa wiki, bila silaha wala amri, wakizungumza na vijana na kuwaita polisi pale tu palipohitajika. Ninaupenda mfano huo kwa sababu ya wale wazazi wenye makoti mazito. Polisi hawakuachiwa usiku peke yao.

## Kumfikia polisi na kujenga imani

Tuanze na nani kituoni?

Muombe miadi mkuu wa kituo, kwa barua fupi na kwa heshima, kisha muombe awateulie ofisa mmoja wa kufanya naye kazi kila siku. Bila baraka za mkuu, ofisa wa chini hawezi kuwasaidia hata akitaka. Bila ofisa wa kila siku, mkuu atawasikiliza, atatikisa kichwa, na mambo yataishia pale mlangoni.

Mkipewa nafasi ya kupendekeza, mwombeni ofisa wa doria anayefanya kazi usiku wa mwishoni mwa wiki. Ndiye anayeviona vikundi vya vijana nyuma ya jengo, na anajua ni nyumba ipi hulalamikiwa. Msimamizi wa ofisi ana moyo mzuri pia, ila saa hizo amelala.

Kikao cha kwanza tupeleke nini?

Karatasi moja na ombi moja. Karatasi iwe na mambo mnayoyajua kwa hakika: mtaa gani, siku gani, saa gani, aina gani ya pombe, vyupa vitupu mlivyookota wapi. Ombi liwe dogo kiasi cha kukubaliwa siku hiyohiyo. Msiende na orodha ya malalamiko. Ofisa amekaa siku nzima akilalamikiwa, na akiona wageni wengine wamekuja na kidole cha lawama atajifunga.

Ombi la kwanza ambalo ningelipendekeza kwa muungano wowote ni mstari mmoja wa maandishi. Kila ofisa anapokutana na mtoto aliyekunywa, aandike jibu la swali hili kwenye taarifa yake: *Pombe ilipatikana wapi, na kwa nani?* Taarifa nyingi zina jina, umri, mahali na saa, lakini chanzo hakimo. Ukishaongeza mstari huo, baada ya miezi mitatu una ramani. Maduka mawili yanajirudia. Nyumba moja inajirudia. Na mara nyingi, kwa uchungu wa wazazi waliomo kikaoni, neno linalojirudia kuliko yote ni “nyumbani”.

Kabla ya kuagana, mwulizeni ofisa: “Ni kitu gani sisi tungeweza kukufanyia?” Kisha kifanyeni.

Wanatuambia hawana watu wala magari. Tufanyeje?

Waamini, maana kwa kawaida ni kweli. Halafu tafuteni kazi ambazo haziwahitaji askari kabisa. Kutembelea wauzaji kuwakumbusha sheria, kuandaa fomu za ridhaa, kuwafundisha vijana wa ununuzi wa majaribio (wanaotumwa kuona kama muuzaji atawakatalia, kama tutakavyoeleza mbele), kupanga takwimu, kuandika barua za shukrani kwa maduka yaliyokataa kuuza: yote hayo yanafanywa na raia. Ofisa abaki na sehemu ambayo sheria inamtaka awe yeye, nayo ikipangwa vizuri haizidi jioni moja.

Mnaweza pia kumsemea. Mkuu wa kituo akienda mwenyewe kuomba nyongeza ya askari wa usiku, ni ombi la idara kama maombi mengine. Wazazi arobaini wakienda kwenye baraza la halmashauri kuomba jambo hilohilo, diwani atalisikia kwa sikio jingine.

Ofisa tuliyemzoea amehamishwa. Tunaanza upya?

Msianze upya. Uhamisho upo kila mahali, kwa hiyo jiandaeni mapema kwa hati ya maelewano ya ukurasa mmoja au miwili, iliyosainiwa na mkuu wa kituo kwa cheo chake. Iseme nani anafanya nini, mnabadilishana taarifa gani na kwa njia ipi, mnakutana lini, na nani anazungumza na waandishi wa habari. Hati haileti urafiki, lakini ofisa mpya akiikuta mezani anajua kazi hii ni ya kituo, wala haikuwa hisani ya mtangulizi wake.

Wiki yake ya kwanza mtembeleeni. Msingoje kikao.

## Kazi yenyewe

Ununuzi wa majaribio ni nini, na unafanywaje?

Ni kumtuma kijana ambaye kweli hajafikisha umri ajaribu kununua pombe, chini ya uangalizi wa ofisa, ili kuona kama muuzaji atamkatalia. Kati ya mbinu zote za utekelezaji, hii ndiyo inayomlenga mtu mzima moja kwa moja. Ndiyo pia rahisi kuharibika, kwa hiyo nitaieleza hatua kwa hatua.

Kijana anachaguliwa anayeonekana wa umri wake. Msitafute mwenye ndevu. Mzazi wake anasaini ridhaa. Jioni ya kazi anapigwa picha akiwa amevaa nguo zilezile atakazoingia nazo, ili asije mtu kudai baadaye kwamba alionekana mkubwa. Mifuko yake inakaguliwa, anabaki na noti moja iliyoandikwa namba zake kwenye karatasi. Anaelezwa masharti mara ya mwisho: usiseme uongo kuhusu umri wako, ukiulizwa kitambulisho toa cha kweli au sema huna, ukikataliwa sema asante uondoke, usibembeleze, usifungue chupa.

Anaingia. Ofisa aliyevaa kiraia ameshatangulia, yuko kwenye rafu ya mwisho anasoma pakiti. Kijana anachukua kopo moja, anaenda kwenye kaunta, anasubiri foleni. Muuzaji anaangalia kopo, anaangalia simu yake, anapokea noti. Mambo yamekwisha kwa sekunde ishirini, bila swali hata moja. Au muuzaji anainua macho, anamtazama yule kijana usoni na kusema, “Mwanangu, rudisha hiyo ulipoitoa.” Matokeo yote mawili yanaandikwa, pamoja na saa, maelezo ya muuzaji na kama aliuliza kitambulisho.

Aliyeuza anarudiwa na ofisa, na noti yenye namba zilizoandikwa inachukuliwa kutoka kwenye droo kama kielelezo. Aliyekataa naye arudiwe, siku hiyohiyo au kesho yake, apewe mkono na barua ya pongezi. Miungano mingi inaisahau sehemu hii, na ndiyo inayowageuza wafanyabiashara wakawa wenzenu.

Huo si mtego?

Mtego kisheria ni pale ofisa anapomshawishi mtu atende kosa ambalo asingelitenda. Kijana anayeweka kopo kaunta bila kusema uongo na bila kubembeleza hajamshawishi mtu. Amempa muuzaji nafasi ileile anayopewa na kila mteja. Ndiyo maana masharti ya swali lililotangulia hayana mzaha: kijana akisema “nina miaka ishirini na mbili”, mmepoteza kesi na mmepoteza heshima yenu mtaani.

Nchi hazifanani katika jambo hili, na kuna mahali ambapo kumtumia mtoto kwenye operesheni kunahitaji kibali maalumu au hakuruhusiwi kabisa. Muulizeni mwendesha mashtaka kabla, na jibu lake liwe kwa maandishi. Pasiporuhusiwa, tumieni watu wazima wanaoonekana wadogo, mkipima kama muuzaji anauliza kitambulisho. Hapo hakuna kosa la kushtaki, ila mnapata picha ya hali na sababu ya kuzungumza na mwenye duka.

Tufanye mara ngapi kwa mwaka?

Mara kwa mara kuliko mnavyodhani. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba duka likishakaguliwa, uwezekano wa kuuzia watoto unashuka kwa asilimia 17 hivi papo hapo, kisha sehemu kubwa ya nafuu hiyo inayeyuka ndani ya miezi mitatu. Wauzaji wanahama, hofu inapoa. Operesheni moja kubwa yenye kamera za televisheni ina faida ndogo kuliko duru nne za kimyakimya ndani ya mwaka.

Kinachomzuia mtu ni uhakika kwamba atakaguliwa na kwamba adhabu itafika haraka. Ukubwa wa adhabu unafuata nyuma sana. Faini ya wastani inayotoka ndani ya wiki mbili inatembea mtaani kuliko tishio la kufungiwa duka ambalo kila mtu anajua halitatekelezwa.

Mafunzo kwa wauzaji hayatoshi?

Peke yake, hapana. Wauzaji wengi wanaijua sheria. Tatizo ni foleni ndefu, bosi anayetaka mauzo na aibu ya kumuuliza mteja umri. Mafunzo yanasaidia yakiambatana na ukaguzi, na yakimhusisha mwenye duka ili aweke kanuni inayomlinda mfanyakazi wake. Maduka mengi ya Uingereza yana kanuni iitwayo Challenge 25: umri wa kununua ni 18, lakini yeyote anayeonekana chini ya 25 anaombwa kitambulisho. Muuzaji hahitaji kukisia, na mteja wa miaka 23 hana sababu ya kuona ameonewa.

Watoto wetu hawanunui dukani. Wanawatuma watu wazima, au kaka zao.

Hiyo ndiyo njia ya kawaida kabisa mahali pengi, na ndiyo ngumu kuifuatilia. Ule mstari kwenye taarifa ya polisi (soma *Kikao cha kwanza tupeleke nini?*) utawaonyesha. Hapa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya polisi: kuweka doria nje ya maduka yanayojulikana, katika saa zinazojulikana, na kumwajibisha mtu mzima anayechukua hela ya mtoto kwenda kununua. Ya pili ni yenu: kuifanya jamii nzima ijue kwamba kumnunulia mtoto pombe ni kosa. Vijana wenyewe wamewahi kubandika vibandiko vyenye onyo kwenye makreti ya bia, kwa ruhusa ya mwenye duka na ofisa akiwa pembeni. Mnunuzi anakutana na ujumbe wakati mkono wake uko kwenye chupa.

Sherehe za majumbani tuzishughulikie vipi?

Kwa utulivu, maana hapa watu huumia. Polisi wakivamia kwa ving’ora, watoto walevi wanatawanyika gizani, wanaruka kuta, wanaingia barabarani, wengine wanawasha magari. Mpango mzuri unaandikwa kabla. Maofisa wanafika bila kelele, wanasimama kwenye njia za kutokea na kwenye magari, anatafutwa mwenye nyumba au mkubwa aliyepo, muziki unazimwa, na hakuna mtoto anayeondoka hadi mzazi au mlezi aje kumchukua. Aliyezidiwa anapelekwa hospitali kwanza, maandishi baadaye.

Hapo ndipo muungano unapohitajika kwa wingi. Kuwapigia wazazi thelathini saa sita usiku si kazi ya askari watatu. Wajumbe wawili walioandaliwa, wenye simu na sauti ya upole, wanaweza kuifanya wakiwa nje ya eneo. Sema hivi: “Mzee, mwanao yuko salama, tunaomba uje umchukue.” Neno *salama* litangulie. Nimewahi kumsikia mama akilia dakika nzima kabla ya kuuliza ni wapi, kwa sababu aliyempigia alianza na neno polisi.

Baadaye shughulika na mtu mzima aliyefungua mlango. Mahali pengi Marekani zimewekwa sheria zinazomwajibisha mwenye nyumba inayotumiwa na watoto kunywea, hata kama si yeye aliyenunua pombe. Mahali penu pasipokuwa na sheria hiyo, jambo la kupeleka kwa madiwani mmeshalipata.

Na pombe inayopikwa au kuuzwa bila leseni?

Anayeuza bila leseni hana leseni ya kupoteza, kwa hiyo ununuzi wa majaribio haumtishi sana. Mpelekeeni polisi na mamlaka ya leseni taarifa, msiende wenyewe, na msimtume kijana huko hata kwa majaribio. Kinywaji chenyewe kinaweza kuwa na methanoli, ambayo kiasi kidogo tu kinapofusha au kuua.

## Watoto wenyewe

Mtoto akikutwa amekunywa, afanywe nini?

Kwanza awe salama, pili mzazi ajulishwe, tatu apatiwe msaada. Rekodi ya jinai iwe njia ya mwisho kabisa. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na mtoto wa 14 aliyelewa ni mtoto aliyeuziwa na mtu. Kubalianeni na polisi njia ya kando: onyo la kwanza mbele ya mzazi, mazungumzo na mshauri ndani ya siku chache, na ufuatiliaji. Muungano ndio unaotafuta huyo mshauri na kuhakikisha yupo kweli. Ofisa akipewa namba ya simu isiyopokelewa mara mbili, mara ya tatu atarudi kwenye selo.

Mwambieni ofisa hili pia: mtoto asiyeamka anapotikiswa, anayepumua polepole au aliyebadilika rangi ya midomo ni mgonjwa wa dharura. Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, asipewe kahawa wala maji baridi. Ini linafanya kazi kwa kasi yake, na hakuna kinywaji kinachoiharakisha.

Vijana wanaogopa kupiga simu mwenzao akizidiwa, wasije wakakamatwa wote.

Hofu hiyo inaua. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka sheria kwamba anayepiga simu kumwokoa mwenzake, akabaki naye na kutoa ushirikiano, hashtakiwi kwa kunywa chini ya umri. Kama hamna sheria, mkuu wa kituo anaweza kutamka msimamo wa namna hiyo kwa kadiri mamlaka yake yanavyomruhusu. Atamke hadharani, shuleni, mbele ya vijana. Wakisikia kutoka kinywani mwake wataamini.

Vijana wawe wajumbe wa muungano?

Ndiyo, na wapewe kura. Wanajua mambo ambayo sisi tunayakisia. Lakini asigeuzwe mtoto kuwa mpashaji habari dhidi ya wenzake. Mwulizeni pombe inapatikanaje kwa ujumla, na msimuulize nani alikunywa Jumamosi.

## Mambo magumu

Jamii yetu haiwaamini polisi, na ina sababu.

Basi msijifanye sababu hizo hazipo. Anzeni na vikao viwili vya jamii bila polisi, watu waseme yaliyowapata. Kisha mwalikeni mkuu wa kituo aje kusikiliza tu, akubali mapema kwamba hatajitetea siku hiyo. Ni jambo gumu kwa mtu wa sare, na anayelimudu huheshimika. Kutoka hapo chagueni kazi ambazo lengo lake ni wauzaji, ili watu waone kwa macho yao kwamba ushirikiano huu haukuja kuongeza misako ya vijana.

Tazameni pia taarifa za kila robo mwaka. Kama watoto wanaokamatwa wote wanatoka mitaa ya maskini huku sherehe za mitaa ya wenye uwezo zikimalizwa kwa onyo, lisemeni jambo hilo kikaoni. Mkilinyamazia mmekuwa sehemu yake.

Tumesikia ofisa anachukua kitu kidogo ili duka liendelee kuuza.

Msilitangaze kwenye kikao, wala msimkabili mwenyewe. Andikeni mnachokijua, mtenganishe mlichoona na mlichosikia, mkipeleke kwa mkuu wake au chombo kinachopokea malalamiko dhidi ya polisi. Kwa upande wenu badilisheni utaratibu: tarehe na orodha ya maduka ya kukaguliwa zijulikane kwa watu wawili tu hadi saa moja kabla ya kazi. Matokeo yakibadilika ghafla, mmeshapata jibu.

Mjumbe wetu ana baa. Je, aondoke?

Abaki. Mfanyabiashara mwaminifu anachukizwa na jirani yake anayeuzia watoto kuliko mnavyochukizwa ninyi, maana anamwibia wateja. Ila asishiriki kupanga ukaguzi na asizione tarehe. Liandikeni hilo kwenye kanuni zenu kabla hajaombwa kutoka chumbani, asije kuona mmemshuku yeye.

Kampuni ya pombe inataka kutufadhili.

Mimi ningekataa. Shirika la Afya Duniani linahimiza hatua kama kupunguza upatikanaji, kubana matangazo na kupandisha kodi ya vileo, na hizo ndizo hatua ambazo siku moja mtataka kuzitetea mbele ya madiwani. Ukiwa umevaa fulana yenye nembo yao, utaanzaje?

Polisi wanaweza kutupa majina ya watoto waliokamatwa?

Hapana, na msiyaombe. Mnachohitaji ni idadi, umri, mtaa, saa na chanzo cha pombe. Katika sehemu ndogo hata maelezo hayo yanaweza kumtambulisha mtoto, kwa hiyo kama tukio ni moja au mawili tu, unganisheni miezi kadhaa kabla ya kuonyesha ramani kikaoni.

Tutajuaje kama kazi inaenda vizuri? Idadi ya waliokamatwa imepanda.

Idadi ya kukamatwa peke yake haisemi kitu. Inaweza kupanda kwa sababu polisi wameanza kuangalia, na kushuka kwa sababu wamechoka. Fuatilieni asilimia ya maduka yaliyouza kwenye ununuzi wa majaribio, duru kwa duru. Ongezeni dodoso la siri mashuleni kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, lenye swali kuhusu siku 30 zilizopita na swali kuhusu walikopata. Hospitali nayo iombwe idadi ya watoto walioletwa wakiwa wamezidiwa. Vipimo hivyo vitatu vikielekea upande mmoja, mnaweza kuamini.

Aliyekutwa ni mtoto wa kiongozi, na tunaombwa tulinyamazie.

Fuateni njia ileile mliyoiandika kwa mtoto mwingine yeyote: salama, mzazi, mshauri, siri. Jina lake halitoki, kama lisivyotoka la mwenzake. Na aliyemuuzia afikishwe anapopaswa kufika. Ofisa atahitaji kuona kwamba hayuko peke yake katika hilo, kwa hiyo kesho yake asubuhi wajumbe wawili waende kituoni, wakae naye, wamuulize taarifa imeandikwa hadi mstari wa mwisho.